Chupa ya Methili

Saa kumi na mbili kamili asubuhi, mwalimu wa zamu alipita kati ya vitanda akigonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko, na wasichana themanini wa bweni la pili waliamka kwa heshima zote, yaani wakinung'unika. Walitandika vitanda mpaka shuka zikanyooka kama karatasi. Walikunywa kahawa ya maziwa na kipande cha mkate. Kisha walikimbia mstarini, ambako shule nzima ilisimama katikati ya michungwa ya wilaya ya Jagüey ikisubiri kuambiwa imefanya nini jana.

Katika shule ile ya bweni kila kitu kilihesabiwa. Asubuhi wanafunzi walisoma. Mchana walivaa mifuko ya turubai mabegani wakaenda kuchuma machungwa na mabalungi. Masanduku yalihesabiwa. Vitanda vilivyotandikwa vibaya vilihesabiwa. Hata kucha chafu zilihesabiwa. Kila asubuhi Mwalimu Remberto, makamu wa mkuu wa shule, alisoma majina ya waliofikia lengo, nao walipigiwa makofi. Waliovuka lengo walipigiwa makofi marefu zaidi, na Mwalimu Remberto alivua kofia kwa ajili yao.

Bweni lililoongoza kwa alama lilipanda basi la kwenda nyumbani Ijumaa saa sita mchana. Mabweni mengine yalisubiri basi la Jumamosi asubuhi. Na mwanafunzi aliyeharibu kitu au kuvunja kanuni hakupanda basi lolote; alibaki wikendi nzima akipalilia bustani ya jikoni.

Yamisel Oropesa wa darasa la tisa aliijua bustani ile vizuri. Aliijua kila tuta. Lakini wiki hii alikuwa ameapa kuwa malaika, kwa sababu Jumamosi dada yake Dianelis alikuwa anatimiza miaka kumi na mitano, umri ambao kwao msichana hufanyiwa sherehe kubwa. Kungekuwa na keki, na jozi kumi na nne za vijana wangecheza dansi la kuzunguka ukumbini, na Yamisel alikuwa katika jozi ya tatu pamoja na binamu yao Ariel, mrefu kama mlingoti na mkanyagaji miguu mashuhuri. Mama alikuwa ameshamshonea gauni la samawati.

"Wiki moja tu, Yamisel," mama alimwambia alipomsindikiza kwenye basi. "Siku tano. Jifanye mgonjwa ukipenda, lakini usifanye lolote."

Yamisel alijitahidi. Malaika alidumu mpaka Jumanne, wakati wa mapumziko ya saa nne.

Siku ile Mwalimu Eneida, mwalimu wa kemia, alikuwa amekwenda mjini Matanzas kwenye mkutano wa siku mbili. Alikuwa amewaachia wanachama wa chama cha kemia kazi ndogo: kufuta vumbi kwenye modeli kumi na mbili za molekuli na kuziandikia vibandiko vipya, kwani vile vya zamani vililiwa na mende. Ijumaa wangekuja wageni kutoka ofisi ya elimu. Modeli zenyewe zilichongwa na wanafunzi wa miaka ya nyuma. Kaboni ilikuwa mpira mweusi wa mbao wenye matundu manne, oksijeni mpira mwekundu wenye matundu mawili, na haidrojeni kidude cheupe chenye tundu moja. Mipira hiyo ilishikanishwa kwa vijiti vya matawi ya mchungwa.

Yamisel aliingia maabara kabla ya wenzake akiwa na chura mfukoni. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu kumweka chura kwenye droo ya Lesván, mwenzake wa chama, mvulana aliyekuwa na tabia ya kupiga ukelele mzuri sana akishtuliwa. Lakini chura alikuwa na mipango yake. Aliruka kutoka mfukoni hadi mezani, kutoka mezani hadi kwenye rafu. Yamisel alimrukia. Alimkosa chura, akaipata rafu.

Lesván aliingia akakuta modeli sakafuni, chura dirishani, na Yamisel amekaa katikati kama mtu aliyenyeshewa mvua ya marumaru.

"Umekwisha," alisema Lesván.

"Nisaidie kuokota kwanza, utanizika baadaye."

Waliokota haraka haraka, wakapanga kila kitu juu ya meza. Ajabu ni kwamba hakuna kilichoonekana kuwa kimevunjika. Hapakuwa na mpira uliopasuka, wala kijiti kilichochomoza. Lesván alihesabu, akahesabu tena, akakuna kichwa.

"Ziko kumi na sita."

"Zilikuwa kumi na mbili."

"Ndiyo maana nakuna kichwa."

"Basi zimezaana," alisema Yamisel. "Usiniangalie hivyo. Tazama, kila moja imesimama vizuri."

Orodha ya modeli ilikuwa ndani ya jalada la Mwalimu Eneida, na jalada lilikuwa Matanzas. Yamisel akafungua daftari lake. Somo hilo alikuwa amelinakili kwa uaminifu, michoro na majina, ila maelezo yalimpita, kwa kuwa dakika hizo alikuwa anamchorea Lesván masharubu ukingoni mwa ukurasa. Walichukua kila kitu kilichokuwa mezani, wakatafuta mchoro unaofanana nacho. Kaboni moja yenye haidrojeni nne: methani. Kaboni moja yenye haidrojeni tatu: methili. Oksijeni yenye haidrojeni mbili: maji. Oksijeni yenye haidrojeni moja: haidroksili. Kila kitu kilipata jina.

"Unaona?" alisema Yamisel, moyo ukimtulia. "Kina jina. Kitu chenye jina hakiwezi kuwa kipande."

Methili zilikuwa nne, kwa hiyo aliziandika Methili ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu na ya Nne, kama wafalme. Walipomaliza, rafu ilipendeza kuliko mwanzo. Yamisel akaamua kwamba kuanguka kwa rafu ni jambo lisilohitaji kutajwa kwa mtu yeyote.

Jumatano asubuhi, mstarini, Mwalimu Remberto alifunua karatasi yake kwa furaha.

"Nimepita maabara," alisema. "Chama cha kemia kilipewa lengo la modeli kumi na mbili. Jamani, wamefikisha kumi na sita! Hiyo ni asilimia mia moja na thelathini na tatu!" Akavua kofia. "Mwanafunzi Yamisel Oropesa, pita mbele. Bweni la pili, alama kumi!"

Alama kumi zililitoa bweni la pili nafasi ya tatu na kulipeleka kileleni. Wasichana walimbeba Yamisel juu juu mpaka darasani.

"Ijumaa saa sita tuko ndani ya basi!" aliimba Marbelis, kiongozi wa bweni. "Mdogo wangu, kumbe una akili! Na sisi tulidhani una vyura tu."

Yamisel alicheka pamoja nao. Lakini kila alipopita mlango wa maabara siku ile, alitazama upande mwingine.

Alhamisi asubuhi Mwalimu Eneida alirudi. Alikuwa mwanamke mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi shingoni, na hakuwahi kupaza sauti, jambo lililowatisha wanafunzi kuliko kelele. Alisimama mbele ya rafu muda mrefu. Alisoma kila kibandiko. Kwenye Methili ya Nne alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Kumi na sita," alisema.

"Ndiyo, mwalimu," alijibu Yamisel.

"Niliacha kumi na mbili."

"Tulijituma, mwalimu."

"Naona." Mwalimu Eneida aligeuka polepole. Uso wake ulikuwa mpole kabisa. "Basi tuwafurahishe wageni zaidi. Mbele ya rafu tuweke vitu vyenyewe, kwenye chupa. Nenda stoo kwa Bi Zoraida, mwambie nimekutuma. Lete ethanoli, lete methanoli, lete siki, na lete chupa moja ya methili."

"Ipi, mwalimu? Ziko nne."

"Yoyote utakayoipata, mwanangu."

Bi Zoraida, mtunza stoo, alikuwa na funguo nyingi kiunoni hivi kwamba alisikika kabla hajaonekana. Aliweka chupa mezani moja baada ya nyingine.

"Ethanoli, hii hapa. Methanoli, hii. Usiinuse na usithubutu kuionja, ni sumu, inapofusha watu. Siki, nimeiomba jikoni. Na nini tena?"

"Methili, Bi Zoraida."

"Me-nini?"

"Methili. Chupa moja tu."

Bi Zoraida alimtazama ili kuona kama anataniwa. Alipoona hataniwi, alianza kucheka. Alicheka mpaka funguo zikalia, akakaa juu ya gunia, akajifuta macho kwa pindo la aproni.

"Mwanangu, nimekaa stoo hii miaka kumi na tisa. Nimeshaombwa kopo la mvuke. Nimeshaombwa sumaku ya mbao. Methili ya kwenye chupa, leo ndiyo mara ya kwanza!"

"Kwani imekwisha?"

"Haijawahi kuwapo! Njoo huku." Alimshika mkono, akagonga chupa ya methanoli kwa ukucha. "Methili imo humu." Akagonga ya siki. "Na humu imo." Akaelekeza kidole kwenye mtungi wa gesi uliokuwa pembeni. "Na mle ndani imo. Kila mahali imeshika kitu. Lakini peke yake haikai. Hata ukiibandua, kabla hujatia kizibo imeshadaka kitu kingine. Nenda kamwambie Eneida amenichekesha wiki nzima."

Yamisel alitembea kurudi na chupa tatu na masikio ya moto. Yeye, aliyewahi kumtuma mwanafunzi mgeni jikoni akaombe ufunguo wa uwanja wa mpira, sasa alikuwa ametumwa yeye. Na alikuwa amekwenda, tena mbio.

Maabara haikuwa na mtu. Alichukua methani kwa mkono mmoja, Methili ya Kwanza kwa mkono mwingine, akazitazama kwa mara ya kwanza tangu zilipoanguka. Kaboni ya methani ilikuwa na matundu manne, na kila tundu lilikuwa na haidrojeni yake. Ya methili ilikuwa na haidrojeni tatu. Aliizungusha. Upande wa chini, pale alipobandika kibandiko, kidole chake kiligusa tundu la nne. Ndani mlikuwa na kisiki cha kijiti, kimekatika sambamba na uso wa mpira kama jino lililong'oka nusu.

"Kaboni ina mikono minne," alijiambia kwa sauti, na maneno yalikuwa ya Mwalimu Eneida, aliyoyasikia nusunusu siku ile ya kuchora masharubu. "Mitatu imeshika. Huu wa nne umenyooka na hauna cha kushika."

Alichukua haidroksili. Oksijeni ilikuwa na mikono miwili. Mmoja umeshika haidrojeni, mwingine mtupu. Alichukua ethili: kaboni mbili zimeshikana, lakini mojawapo ina kisiki. Alipitia zote kumi na sita. Nane zilikuwa zimekamilika, hakuna mkono unaosubiri. Nane zilikuwa na kisiki. Hizo nane hazikuwa molekuli hata kidogo. Zilikuwa makundi, vipande vinavyoning'inia kwenye molekuli, na molekuli zenyewe zilikuwa nne alizozivunja yeye.

Lesván aliingia. Yamisel alimwonyesha kisiki.

"Haya," alisema Lesván baada ya kufikiri. "Tuna gundi. Tuviunganishe sasa hivi, kimya kimya. Tukiulizwa, tunasema zile nne zimepelekwa kupakwa rangi."

Ilikuwa hila nzuri. Wiki nyingine yoyote Yamisel angeipokea kwa mikono miwili. Alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua gundi mlango ulipofunguliwa na msichana mdogo wa darasa la saba, Niurka, akachungulia na daftari kifuani.

"Dada Yamisel, samahani. Methili ya Nne inatofautiana vipi na ya Kwanza?"

"Kwa nini unauliza?"

"Tumenakili zote. Darasa zima, tuko thelathini na wawili. Mwalimu wa zamu alitupitisha hapa jana tuone kazi yenu." Alifungua daftari. Mwandiko ulikuwa safi, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu: MOLEKULI YA HAIDROKSILI. "Kesho mgeni akiuliza swali, nataka kujibu mimi."

Niurka alipoondoka, Lesván alisukuma kichupa cha gundi. "Fanya haraka."

"Na madaftari thelathini na mawili," aliuliza Yamisel, "tutayabandika kwa gundi gani?"

Yamisel alikaa juu ya stuli. Aliliona gauni la samawati likining'inia nyumbani, mjini Colón. Aliwaona wasichana themanini wakifungasha mabegi kwa ajili ya basi la saa sita. Alimwona Ariel akicheza peke yake katika jozi ya tatu, akimkanyaga mtu mwingine. Kisha akasimama, akaenda ofisi ya walimu kabla miguu haijabadili mawazo.

Alimweleza Mwalimu Eneida kila kitu, kuanzia chura. Mwalimu alisikiliza huku akisahihisha madaftari.

"Nilijua nilipofungua mlango," alisema. "Nimefundisha miaka mingi, sijaona molekuli ya haidroksili ikisimama rafuni peke yake."

"Mbona hukusema, mwalimu?"

"Ningesema, ungejua kwamba nimekukamata tu. Nilitaka ujue na kemia pia." Aliweka kalamu chini. "Kuhusu rafu yangu, nimekusamehe. Lakini zile alama kumi zilitolewa mstarini. Zitarudishwa hukohuko."

Ijumaa asubuhi Yamisel alisimama mbele ya wanafunzi mia tano. Alikuwa amewahi kusimama pale mara nyingi, ila kila mara aliletwa kwa kushikwa sikio.

"Hatukuvuka lengo," alisema. "Niliangusha rafu nikavunja molekuli nne, zikawa vipande nane, nikaviita molekuli. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kwenda nyumbani. Darasa la saba, mlichonakili si sahihi. Methili, ethili na haidroksili ni makundi. Lesván alinisaidia kuokota tu. Chura hana hatia."

Kicheko kilipita kwenye mistari. Mwalimu Remberto hakucheka. Alikuwa mwekundu, kwani yeye ndiye aliyevua kofia.

"Bweni la pili linapoteza alama kumi," alisema, na sauti themanini ziliguna kwa pamoja. "Wewe, kanuni unaijua. Aliyeharibu kifaa anabaki wikendi."

Yamisel aliinamisha kichwa.

"Anabaki mpaka akitengeneze," alisema Mwalimu Eneida kwa utulivu kutoka mstari wa walimu. "Ndivyo kanuni ilivyoandikwa, Mwalimu Remberto. Uliiandika mwenyewe."

Mwalimu Remberto alifungua kijitabu, akasoma, akakifunga.

"Mpaka akitengeneze," alikubali. "Chote. Vizuri. Kabla ya basi la kesho asubuhi."

Wageni walipofika saa nne walimkuta Yamisel mezani akichokoa visiki kwa msumari na kuchonga vijiti vipya vya mchungwa. Darasa la saba lilikuwa limemzunguka. Lesván, aliyekuja bila kuitwa, alishika haidroksili mbili akaziunganisha.

"Imekubali! Hakuna mkono mtupu!"

"Ni molekuli ya kweli," alisema Mwalimu Eneida. "Ile dawa inayowapa dada zenu nywele za manjano. Lakini haikuwa kwenye rafu yangu. Hii hapa orodha ya zile nne: methanoli, ethanoli, ethani, propani. Pangeni."

Yamisel alipanga vipande vinane mbele yake: methili nne, ethili mbili, haidroksili mbili. Methili moja ikashika haidroksili, ikawa methanoli. Ethili ikashika haidroksili, ikawa ethanoli. Zilibaki methili tatu na ethili moja. Ethili na methili zikawa propani. Methili mbili za mwisho zilishikana zenyewe, na hiyo ilikuwa ethani. Hakuna kilichobaki mezani.

Mgeni mmoja, mama mwenye mkoba mkubwa, aliinama juu ya meza. "Nani ataniambia, nitajuaje kama hiki nilichoshika ni molekuli au ni kundi?"

Mkono wa Niurka ulikuwa juu kabla swali halijaisha. "Tafuta tundu tupu, mama. Likiwapo, ni kundi, bado linasubiri kushika kitu. Kama hakuna, ni molekuli, inaweza kukaa chupani."

"Vizuri sana. Nani amekufundisha?"

"Dada Yamisel. Mara ya pili."

Jioni ile bweni la pili halikuwa na maneno matamu. Bweni la nne lilikuwa limeondoka na basi la saa sita likipunga mikono madirishani. "Asante kwa asilimia mia moja na thelathini na tatu," alisema Marbelis, akamrushia Yamisel soksi. Lakini baada ya chakula alikuja na pasi ya mkaa. "Lete mashati yako nikunyooshee, huna mkono uliobaki bila gundi. Na dada yako nimtakie nini?"

Jumamosi alfajiri gundi ilikuwa imekauka. Mwalimu Remberto alivuta kila kijiti, akahesabu hadi kumi na mbili mara mbili, kisha akatia sahihi. Alipofika mlangoni aligeuka, akagusa ukingo wa kofia, kidogo tu.

Basi lilikuwa linanguruma getini. Mwalimu Eneida alimsindikiza Yamisel, aliyebeba begani begi la mashati yaliyopigwa pasi.

"Mwalimu, kama ningesema siku ileile ya Jumanne, ingekuwaje?"

"Ungeokota vipande, ungeniomba radhi, na bweni lako lisingepewa alama za kunyang'anywa. Kosa la Jumanne lilikuwa dogo, Yamisel. Rafu huanguka. Kosa lililokuwa kubwa ni kulivika jina zuri na kuliweka mahali ambapo watoto wa darasa la saba watalinakili. Ukivunja kitu, sema kimevunjika siku ileile, kingali chako peke yako. Na usipojua kitu, kitazame vizuri kabla hujakiandikia kibandiko. Hayo mawili yakikukaa, mengine nitakufundisha mimi." Dereva alipiga honi. "Haya, nenda. Saa hizi mama yako anakutafuta barabarani."

Yamisel alipanda, akakaa dirishani, na kwa saa mbili nzima mpaka Colón hakumfanyia mtu yeyote chochote.